Mtoto wa Mbuzi Aliyewekwa kwa Jirani ni wa Nani?



Huku kwetu Kituku tuna kiangazi, Juni mpaka Agosti, kisha mvua ya Septemba inarudi na majani yanaota hata kati ya mawe ya volkano. Ndipo vitoto vya mbuzi vinarukaruka nyuma ya nyumba, na simbilisi wanajaa jikoni. Ni furaha. Lakini furaha hiyo imeleta maneno kati ya jirani na jirani, nasi tunataka kuyasema wazi.

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulilipuka, na siku tano baadaye watu wa sehemu kubwa ya mji waliamriwa kuhama. Wengine walikwenda Sake, wengine Minova. Januari 2025 vita vilipoingia Goma, watu walikimbia tena. Mbuzi hapati nafasi katika mashua iliyojaa watu. Anaachwa kwa jirani: “Mama, nishikie huyu, nitarudi.” Na mbuzi hubeba mimba miezi mitano tu. Mwenyewe akirudi anakuta watatu mahali pa mmoja.

Aliyelinda anasema: “Watoto wangu ndio waliokata majani. Usiku nilimlaza ndani kwa kuogopa wezi. Mama yao nakurudishia, vitoto ni jasho langu.” Hayo si maneno ya mwizi. Mwenye mbuzi naye anajibu: “Nilikuachia, sikukuuzia.”

Vijijini watu hupatana kwanza jinsi ya kugawana vizazi. Yakobo na Labani walipatana pia, wenye madoadoa wawe mshahara wa Yakobo (Mwanzo 30), na bado waligombana! Sasa anayekimbia moto atapatana saa ngapi?

Sheria ya Musa, katika Kutoka 22, inataja mnyama aliyewekwa kwa mwenzako: akifa, akiumia, akiibiwa. Juu ya kuzaa haisemi neno. Kumbukumbu la Torati 22 inaagiza mnyama wa ndugu aliyepotea akae kwako mpaka mwenyewe amtafute. Na Paulo, katika 1 Wakorintho 9, anamkubalia mchungaji maziwa ya kundi. Maziwa, si mtoto. Kweli, huku wengi hatukami mbuzi, lakini samadi yake imelisha bustani zetu za mboga.

Sisi tunaona kwamba mtoto anamfuata mama yake. Jirani hakupokea mbuzi tu, alipokea neno la mtu aliyekuwa hana pengine pa kushika. Mlinzi anastahili malipo, ila ayapokee mkononi mwa mwenye mali, asijilipe mwenyewe. Na mwenye mali anayerudi, akawafunga wote kamba na kuondoka bila kumwachia jirani hata mmoja, huyo amekosa, pengine kuliko yule aliyeng’ang’ania. Kama mtoto wa nyumba ni mgonjwa na dawa hazipo, mlinzi auze dume mmoja mbele ya mashahidi wawili, aandike bei.

Mama mmoja alituuliza: na asiyerudi kabisa? Wako wengi, tunajua. Waulizeni wanaoshuka mashua kutoka Minova na Idjwi, huenda kuna mjane, huenda kuna mtoto wake mahali. Mpaka apatikane, majike waendelee kuzaa katika hesabu yake.