Maajabu ya Dunia: Mnyama Anayekimbia kwa Ncha za Vidole

Farasi wa mashindano ana uzito wa kilo 450 hadi 500. Anapokimbia kwa kasi yake yote, ipo nukta katika kila hatua ambapo uzito huo, pamoja na wa mtu aliyempanda, huangukia mguu mmoja tu wa mbele, na nguvu inayopita mguuni wakati huo huzidi mara mbili ya uzito wa mwili wake mzima. Mguu huo haukanyagi kwa unyayo. Hukanyaga kwa kidole kimoja, kile ambacho mkononi mwetu ni kidole cha kati, na ncha ya kidole hicho imevikwa ukucha mnene tunaouita ukwato. Mwenyezi Mungu alimpa mnyama huyu kucha nne za kusimamia, na juu ya kucha hizo nne anakwenda karibu kilomita 70 kwa saa.

Sisi wa Adams Arcade, hapa Nairobi, tumezoea kudhani kwamba maajabu ya aina hii yako mbali, Maasai Mara au Amboseli, yanahitaji gari na nauli kubwa. Kumbe ukipanda matatu ya 111 hapo stejini, ukapita Dagoretti Corner, muda si muda umefika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Mbio zilihamia hapo mwaka 1954. Kabla ya hapo zilikuwa upande mwingine wa mji, ndiyo maana hadi leo kuna Racecourse Road kule Kariokor ingawa hakuna farasi anayekimbia huko. Watu wengi wa mtaa wetu wamepita nje ya uzio huo wa Ngong Road maisha yao yote bila kuingia ndani.

Binti wa kaka yangu yuko Gredi ya 7. Mwalimu wao wa sanaa aliwapa kazi ya muhula: farasi. Wanaweza kuchora, kufinyanga, kuchonga au kuunda kwa vitu vilivyotupwa, ilimradi wazo liwe la mwanafunzi mwenyewe na daftari lionyeshe jinsi lilivyoanza na jinsi lilivyobadilika. Njia ya mkato inajulikana na kila mzazi: unaingia saiba, unachapisha picha nzuri ya farasi, mtoto anaifuatisha kwa penseli, mzazi anapaka rangi usiku. Mimi naiona njia hiyo kuwa hasara kubwa, wala sisemi habari ya alama. Mtoto aliyepewa nafasi ya kumtazama kiumbe wa Mungu kwa muhula mzima anaishia kutazama karatasi.

Mchoro wake wa kwanza aliufanyia mezani kwangu, farasi akitoka kichwani mwake tu. Alimchora akiwa mbioni, miguu ya mbele imenyooshwa mbele kabisa, ya nyuma imetupwa nyuma kabisa, tumbo likielea juu ya nyasi. Ulikuwa mchoro wenye uhai, na hivyo hivyo ndivyo walivyochora mabingwa kwa muda mrefu. Théodore Géricault, Mfaransa aliyewapenda farasi kupita kiasi na kuwapanda kila alipoweza, alichora mbio za Epsom mwaka 1821. Picha hiyo iko Louvre, Paris, na farasi wake wote wamejinyoosha hewani kwa namna hiyo.

Farasi hakimbii hivyo. Mwaka 1878, kule Palo Alto, California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera mstari mmoja kando ya njia na kutandaza nyuzi, ili farasi anayepita azikate na kila kamera ipige picha yake. Picha za farasi jike aliyeitwa Sallie Gardner zilionyesha kwamba kweli kuna nukta ambapo kwato zote nne huacha ardhi, lakini nukta hiyo huja wakati miguu imekunjwa na kukusanyika chini ya tumbo. Kwa maelfu ya miaka binadamu amempanda farasi, amepigana vita juu ya mgongo wake, amemchora na kumchonga, na nukta hiyo ilipita mbele ya macho yake kila siku bila kuonekana. Mimi habari hii hunijaza uchaji. Kazi ya Muumba inaweza kuwa wazi kabisa, mchana kweupe, na bado ikatunza siri yake mpaka mtu atokee wa kuitazama kwa subira.

"Shangazi, kwa hiyo nimchore upya?"

"Twende tukamwone kwanza."

Siku za mbio, ambazo kwa kawaida ni Jumapili, farasi huzungushwa polepole katika uwanja mdogo kabla ya kupandwa, na watu husimama kando kuwatazama. Hapo ndipo mahali pa mtoto mwenye daftari. Wapo wanaokuja kuweka dau, wapo waliokuja kula na familia zao, na hakuna anayemsumbua msichana aliyejiinamia na penseli. Alitaka kuona jicho kwa karibu, akamsalimu saisi mmoja mzee aliyekuwa amemshika farasi wa rangi ya hudhurungi. Mzee akamwita kwa mkono. "Pita mbele, mama, huku ubavuni. Nyuma yake hakuoni."

Ni kweli. Macho ya farasi ni miongoni mwa makubwa kabisa kwa wanyama wote wa nchi kavu, nayo yamewekwa pembeni mwa kichwa, hivyo anaona karibu pande zote kwa wakati mmoja. Hubaki sehemu ndogo tu asiyoiona, nyuma ya mkia na mbele kabisa ya paji la uso. Mboni yake imelala, si ya mviringo kama yetu, na anapoinamisha kichwa kula majani jicho hujizungusha lenyewe ili mboni iendelee kulala sawa na ardhi, asiache kuangalia upeo hata akiwa analisha. Kwenye ukingo wa juu wa mboni mtoto aliona vijinundu vyeusi, vidogo, vimekaa bila mpangilio. Alidhani farasi anaumwa. Saisi akamwambia farasi wote wanavyo. Kazi ya vinundu hivyo ni kuikinga mboni na mwanga wa jua kutoka juu. Ukurasa mzima wa daftari ukajaa vijinundu hivyo.

Kuhusu rangi, farasi huona vizuri bluu na manjano, lakini nyekundu na kijani hawezi kuzitofautisha kama sisi. Waingereza walilizingatia hilo walipoanza mwaka 2022 kubadilisha rangi ya viunzi vya kuruka kutoka ya machungwa hadi nyeupe, ili farasi avione. Mtoto aliposikia hayo alipata wazo lake la kwanza la kweli: kuchora uwanja wa Ngong kama farasi auonavyo, mashati ya rangi ya wapandaji yote yakigeuka bluu na manjano na vivuli vyake. Ni wazo zuri sana. Lingeweza kuwa ndilo, na bado natamani siku moja alirudie. Lakini akili yake ilikuwa imeshanaswa na miguu.

Na miguu ndiyo yenyewe. Tuliporudi nyumbani nilimwambia asimamishe mkono mezani kwa ncha ya kidole cha kati, kisha auegemeze mwili polepole. Hapo akajua mwenyewe. Kile tunachokiita goti la mbele la farasi ni kifundo cha mkono, mahali tunapovaa saa. Kile kinachochomoza nyuma, katikati ya mguu wa nyuma, kinachoonekana kama goti lililogeuzwa, ni kisigino. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo. Kuanzia kifundo kushuka chini karibu hakuna nyama kabisa, ni mfupa, ngozi na kano. Kano hizo huvutika mguu unapokanyaga, kisha hurudi na kumrusha farasi mbele, hivyo sehemu ya nguvu aliyoitumia hatua iliyopita anaitumia tena hatua inayofuata. Tena hana mfupa wa mtulinga. Kifua chake chote kimening'inizwa kati ya mabega mawili kwa misuli peke yake. Ndani ya kifua hicho kuna moyo wa kilo nne hivi, unaopiga mara 30 hadi 40 kwa dakika akiwa ametulia, na zaidi ya mara 200 akiwa mbioni. Akianza kukimbia, wengu humimina chembe nyekundu za damu zilizokuwa zimehifadhiwa humo, na pumzi yake hufuata miguu, pumzi moja kwa kila hatua ya mbio.

Pembeni mwa mfupa mkuu wa mguu kuna vijifupa viwili vyembamba visivyofika chini. Wataalamu huvisoma kuwa mabaki ya vidole vingine. Ushahidi wake uko jirani tu, Tanzania. Huko Laetoli, mahali palepale ambapo timu ya Mary Leakey ilipata nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili, majivu ya volkeno ya zaidi ya miaka milioni 3.5 yamehifadhi pia nyayo za wanyama wa jamii ya farasi wenye vidole vitatu, na miongoni mwao wa mtoto aliyekuwa akitembea karibu na mama yake. Walipita hapo, majivu yakakauka. Ninapowaza kwamba Mungu alikuwa akiutengeneza mguu huu kwa muda wote huo, taratibu, sioni haja ya kuharakisha kazi ya shule ya mtoto.

Aliniuliza kwa nini basi hapa kwetu farasi ni wachache hivi, na punda wamejaa. Jibu moja ni kiumbe kidogo kuliko sisimizi. Kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaosababishwa na kirusi na kuenezwa na usubi. Huwaua farasi wengi wanaoambukizwa wasipochanjwa, ilhali punda milia huubeba mwilini bila kuugua. Kwa hiyo yule binamu mwenye milia anayelisha katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi alipewa kinga ambayo farasi hakupewa. Hata hivyo farasi hakukosa kufika kwetu kwa njia ya maneno. Mwengo wa Athumani alitunga Utenzi wa Tambuka huko kisiwani Pate mwaka 1728, na vita vya humo vina farasi, ingawa visiwani mnyama wa kazi ni punda. Wanaosoma Biblia wanaijua sura ya 39 ya Ayubu, ambamo Mungu anamhoji Ayubu juu ya nguvu za mnyama huyu. Wanaosoma Kurani wanaijua sura ya 100, Al-Adiyat, inayoanza kwa kiapo cha farasi waendao mbio. Mtoto alisoma zote mbili, kwa kuwa bibi yake mzaa mama ni Mwislamu na sisi ni Wakristo, na akaandika katika daftari kwamba zote mbili zinagusia miguu.

Lipo jambo moja zaidi nililomwambia, nalo hunitoa machozi kila ninapolifikiria. Mtoto wa farasi hukaa tumboni miezi 11 hivi, na saa moja au mbili baada ya kuzaliwa huwa amesimama. Maana yake kwato lazima ziwe tayari kabla hajatoka. Lakini kwato ngumu zingemchana mama yake ndani. Kwa hiyo huzaliwa ncha za kwato zikiwa zimefunikwa kwa vidole laini vya nyama nyeupe inayoteleza, ambavyo hukauka na kukatika akianza kutembea. Nani aliyemfikiria mama yule?

Basi akaamua: mguu mmoja wa mbele, wa kimo halisi, kuanzia kifundo hadi ukwato, uliofunguliwa upande mmoja ili mtu aone ndani. Mifupa ni ya katoni iliyoviringishwa na magazeti yaliyolowekwa kwenye uji wa unga wa ngano. Waya tuliupata soko la Toi, kwa mzee anayeuza vyuma na misumari, pamoja na kamba za mkonge. Ukwato aliufinyanga kwa udongo, na upande wa chini akachonga ile pembetatu laini iliyo katikati ya wayo, inayokandamizwa kila hatua na kusaidia kusukuma damu irudi juu. Kielelezo chake ni michoro ya George Stubbs, Mwingereza aliyepasua farasi waliokufa kwa miezi 18 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1766, michoro ambayo bado ni sahihi.

Mguu ulikataa kusimama. Kila alipouegemezea kitu juu, kiungo kilicho juu ya ukwato kilishuka hadi kikagusa meza. Alikaza waya, ukashuka tena. Ndipo akarudi kwenye mchoro wa Stubbs na kuona, nyuma ya mfupa, ukanda mnene unaotoka chini ya kifundo, unajigawa mara mbili juu kidogo ya kiungo hicho na kukizunguka ukielekea mbele. Akakata kamba ya mkonge, akaifunga vivyo hivyo, akaivuta. Kiungo kikainuka na kubaki juu. Akaweka kamusi juu yake, kisha Biblia ya babu, kisha mfuko wa unga wa kilo mbili, kikabeba.

Sasa anataka kamba nyingine mbili, kwa sababu nyuma ya ukanda huo Stubbs amechora kano mbili ndefu zinazoshuka pamoja, moja ikiishia nyuma ya kidole na nyingine ikifika hadi kwenye mfupa ulio ndani ya ukwato.