RAMADHANI, SIKU YA 12: Punje zimeisha, moyo uko wapi?

 

Juzi kwenye daladala nilikaa pembeni ya bibi mmoja Mkatoliki. Mimi na tasbihi, yeye na rozari. Foleni ndefu, jua kali, kila mtu anavuta punje zake. Nilimtazama kwa dharau kidogo, nakiri. Mara simu yangu ikalia, nikasoma ujumbe, nikacheka, nikajibu. Kuja kushtuka, vidole vimeshafika punje ya 33. Subhanallah nilitamka ngapi? Sijui. Bibi wa watu yuko palepale, macho kafumba, midomo inacheza.

Rozari ina punje 59. Wahindu na Wabudha wana ya punje 108. Waorthodoksi wanafunga mafundo kwenye kamba ya sufu. Sisi ni 33 au 99. Wanachokitamka wao si tunachokitamka sisi, hapo sichanganyi mambo. Lakini wote tumekiri kwamba binadamu ni msahaulifu, apewe cha kushika.

Wapo wanaosema tasbihi ni ya kuiga, tuiache. Kweli, Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza wanawake wahesabu kwa vidole, kwa sababu vidole vitaulizwa na vitatamkishwa. Vidole ni bora, sibishani. Ila vyangu vya siku ile vikitamkishwa, vitasema nini?

Mama yetu Juwayriya (r.a.) alikaa kwenye mswala wake tangu Alfajiri akileta dhikri. Mtume akatoka, akarudi jua limepanda, akamkuta palepale. Akamwambia kuwa yeye ametamka maneno manne, mara tatu tu, na yakipimwa na yote aliyoyasema tangu asubuhi, yatayashinda kwa uzito. Mara tatu! Na ni Mtume huyohuyo aliyetufundisha 33 baada ya swala, kwa hiyo usije ukaacha kuhesabu ukasema nimekuruhusu mimi.

Utaniuliza: kama moyo haupo, si bora ninyamaze? Ibn Ata'illah wa Iskandaria, aliyefariki mwaka 1309, alishalijibu hili. Alisema usiache dhikri kwa kuwa moyo haupo, maana kughafilika na dhikri yenyewe ni kubaya kuliko kughafilika ndani yake.

Basi mimi leo Alasiri nakuja na tasbihi, simu naiacha nyumbani. Kuiacha mlangoni na viatu, mnajua wenyewe.