Haki ya Udongo

Mwenyezi Mungu amemzungushia mwanadamu neema nyingi zisizoonekana kwa macho. Katika kila sehemu 100 za hewa tuivutayo, 78 hivi ni za gesi iitwayo naitrojeni. Bila naitrojeni hakuna protini, na bila protini hakuna nyama mwilini, wala damu, wala maziwa ya mama. Hata hivyo hatuwezi kuichukua hewani ikatufaa. Kila pumzi huiingiza na kuitoa kama ilivyo. Mgomba nao hauwezi, wala mahindi hayawezi. Chembe zake hushikana mbili mbili kwa kifungo kigumu mno. Hali yetu ni ya mtu mwenye kiu aliyeketi kando ya kisima kisicho na kamba.

Ni nani basi aletaye kamba? Ingia katika mashamba ya Ntobeye, wilayani Ngara, wakati maharage yanapotoa maua. Chimbua shina moja taratibu, usiling'oe kwa nguvu, kisha ukung'ute udongo. Utaona mizizini vinundu vidogo ambavyo asiyejua huvidhania kuwa ni ugonjwa. Kipasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, jua kwamba kazi inaendelea. Kikiwa cheupe, hakijaanza kazi au hakiifanyi. Kikiwa cha kijani au cha hudhurungi, kimekwisha kuchoka.

Humo ndani wanakaa bakteria waitwao rizobia, viumbe wasioonekana ila kwa hadubini. Mwaka 1886 wataalamu wawili wa Ujerumani, Hellriegel na Wilfarth, walitangaza kwamba mimea ya jamii ya mikunde hujipatia naitrojeni ya hewani kwa msaada wa vinundu hivyo. Mwaka 1888 Beijerinck wa Uholanzi akafaulu kuwatenga bakteria wenyewe.

Hebu tutazame mapatano yao. Mzizi hutoa udongoni kemikali maalumu, mfano wa wito. Rizobia wanaofaa huitikia kwa kemikali yao; unyweleo wa mzizi hujikunja na kuwapokea, na kinundu hujengwa. Tangu hapo mmea huwalisha kwa sukari iliyotengenezwa na majani katika mwanga wa jua, nao huupa mmea naitrojeni iliyokwisha kugeuzwa chakula. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo huharibiwa na oksijeni, na huku bakteria wenyewe wanaihitaji oksijeni ili waishi. Kwa hiyo kinundu kina ile rangi nyekundu, iliyo ndugu wa rangi ya damu yetu, ili oksijeni ije kwa kipimo. Wanadamu walipoanza kufanya kazi kama hiyo kiwandani, huko Oppau, Ujerumani, mwaka 1913, iliwalazimu kutumia joto la zaidi ya digrii 400 na mgandamizo mkubwa mno. Viumbe hawa wadogo huifanya kimya kimya, bila moto, chini ya nyayo za mkulima.

Wala mapatano hayo si ya mzaha. Mwaka 2003 Toby Kiers na wenzake walionyesha kwa majaribio ya soya kwamba bakteria wasiotoa naitrojeni hupunguziwa oksijeni na mmea, wakazaana kidogo kuliko wenzao. Anayetimiza sehemu yake hupewa, asiyetimiza hupunguziwa.

Sisi hatudai kwamba Qurani Tukufu ni kitabu cha kilimo. Lakini inatuita mara nyingi tuitazame ardhi na mimea yake kwa akili, na inatuamuru tutimize ahadi na tusipunguze mizani. Ikiwa bakteria na mzizi wanapeana haki, je, mtu anayevuna matunda ya mapatano yao anatoa nini?

Wengi husema, “Panda maharage, ardhi itapona yenyewe.” Jambo hili ni kweli nusu tu. Maharage ni dhaifu katika kazi hii kuliko soya au kunde, na sehemu kubwa ya naitrojeni huingia katika punje, ambazo huliwa au huuzwa. Basi tukiling'oa shina zima, tukalipura uani na kuyachoma makapi, shamba limebaki na nini? Naitrojeni ya makapi, iliyochumwa kwa kazi ya msimu mzima, hurudi hewani kwa dakika chache. Na makapi yakimwagwa migombani tu, karibu na nyumba, shamba la mbali huendelea kutoa kila mwaka bila kupewa.

Hapo ndipo penye mtihani wa imani. Mtu amekodi shamba la mjane kwa msimu mmoja. Akavuna, akabeba kila kitu hadi jani la mwisho, akarudisha udongo mtupu, kisha akasema, “Kodi nimelipa yote.” Mbele ya mwenyekiti wa kijiji hana deni. Mbele ya Mwenyezi Mungu je? Udongo hauna ulimi wa kushtaki, na mjane hana mizani ya kupimia alichopungukiwa. Atakayejua ni mtoto wake, miaka ijayo, atakapopanda na asivune.

Basi, ewe ndugu, unapovuna kata shina, uiache mizizi ardhini. Yarudishe makapi pale yalipotoka, wala usiyachome. Badilisha mazao, uingize kunde na njugumawe. Udongo wenye uchachu au uliopungukiwa fosfeti huwadhoofisha rizobia. Upe samadi na mboji, na umwulize bwana shamba. Huko Peramiho, mkoani Ruvuma, katika miaka ya 1980, watawa wa Kibenedikto walihimiza mmea uitwao marejea, unaopandwa hasa ili kuurutubisha udongo. Hekima ni mali ya mwenye kuitafuta, popote aikutapo. Mwenye kupanda kitu ambacho faida yake itamwendea atakayelima baada yake, huyo ameelewa maana ya amana.

Mwenyezi Mungu atujalie tuwe watu wa kurudisha, wala si wa kuchukua tu. Amina.