Mchezo na Malezi ya Utu Darasani

Wahenga walinena: samaki mkunje angali mbichi. Usemi huu hakuna aupingaye, ila hautuambii samaki huyo akunjwe kwa mkono gani. Wako washikao fimbo, wako wategemeao mawaidha, na wako wachache wanaoamini kwamba mchezo nao ni mkono wa malezi. Katika insha hii nakusudia kulichunguza swali hili: je, mchezo wa watoto darasani waweza kujenga utu, au ni burudani tu ya kupumzisha akili baina ya somo na somo?

Swali hili si geni katika taifa letu. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, aliilaumu elimu ya kikoloni kwa kukuza ubinafsi badala ya ushirikiano. Baadaye mtaala wa shule za msingi wa mwaka 2005 uliweka somo lililoitwa Haiba na Michezo, na jina hilo peke yake lilikuwa hoja. Hata hivyo, kuyafunga maneno mawili katika kamba moja ni kazi nyepesi. Yatupasa kuuliza kama mambo yenyewe yafungamana.

Na tuutazame mchezo mmoja wa Pasua. Kata hii ya Manispaa ya Moshi iko upande wa kusini wa mji, chini ya miteremko ya Kilimanjaro. Nyumba zake zimesongamana, na wakazi wake wametoka pande nyingi, hata mtoto hucheza na jirani asiye wa ukoo wake wala wa kabila lake. Katika vichochoro vya namna hii, kama katika miji yetu mingi, huchezwa kombolela. Mmoja hulinda kopo na wengine hujificha. Kila anayeonekana hutajwa jina, akawa mateka. Lakini akitokea mmoja ambaye hajaonekana, akalipiga kopo teke kabla mlinzi hajalifikia, mateka wote huwa huru.

Tuizingatie maana yake. Aliyejificha vizuri angeweza kukaa salama mpaka mwisho. Mchezo humwita atoke mafichoni, ajihatarishe kwa ajili ya wenziwe. Somo hilo la ujasiri na huruma angeweza kulisikia katika hotuba na kulisahau kabla ya kengele. Hapa analipata kwa miguu yake na kwa moyo unaomdunda. Tabia ni mazoea, na mazoea hayapatikani kwa kusikia tu.

Mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget, katika kitabu alichokitoa mwaka 1932, aliwachunguza watoto wakicheza gololi, akawauliza sheria za mchezo zimetoka wapi. Wadogo walizidhani ni amri za wakubwa zisizobadilika. Waliokua zaidi walifahamu kwamba sheria ni mapatano, nayo yaweza kubadilishwa wote wakiafiki. Hapo ndipo raia anapozaliwa: mtu atiiye sheria kwa kuwa ni yake pia, hata pasipokuwa na wa kumwadhibu.

Lakini hoja haijaisha, maana yupo atakayesema: wezi nao hushirikiana. Kundi la wahuni laweza kuwa na umoja kuliko darasa zima. Hoja hii ni nzito, wala haifai kuikwepa. Umoja ni nguvu, kweli, lakini nguvu yaweza kujenga au kubomoa. Mwalimu anayefurahia ushindi wa kundi bila kuuliza ulivyopatikana, analea hila. Kwa hiyo mchezo unaolea utu una dalili tatu: sheria zake zinajulikana na wote, mpinzani huheshimiwa, na mnyonge ana nafasi ambayo mwingine hawezi kuijaza.

Dalili hii ya tatu ndiyo inayosahauliwa. Mara nyingi manahodha wawili huchagua wachezaji mmoja mmoja, mpaka abaki yule asiyetakiwa na yeyote. Mchezo haujaanza, naye amekwisha fundishwa kwamba hana thamani. Kinga ya jambo hili haihitaji fedha. Mwalimu na aandike hadithi fupi, aikate vipande sita, na kila mtoto wa kundi apewe kimoja. Kipande kisomwe na mwenyewe tu, kisha kundi lipange hadithi. Asomaye haraka hawezi kufika peke yake. Hana budi kumngoja asomaye kwa kusitasita, na kumsaidia bila kumnyang'anya kipande chake. Huyu ajifunza subira, yule ajifunza kuthubutu. Kundi lote lajua kwamba bila sentensi ya mnyonge hadithi ni pengo.

Ushairi wetu nao unatoa mfano. Ngonjera, zilizoenezwa na marehemu Mathias Mnyampala, zilipata nafasi kubwa shuleni. Ni majibizano: mmoja adai, mwingine apinga, na mwisho wote wafikia kuelewana. Bila mpinzani hakuna shairi. Mtoto aliyezoea hayo atatambua kwamba anayempinga si adui, bali ni nusu ya kazi yake.

Yaulizwa tena: mchezo ulioamriwa na mwalimu, je, ungali mchezo? Miteremko iliyo juu ya Pasua yatupa nuru kidogo. Mifereji ya asili ya Wachagga, yaani mifongo, ilichimbwa na kutunzwa kwa kazi ya pamoja, na mtu asiyetokea alitozwa faini. Kanuni ililinda mfereji, lakini mtu alijua kwamba maji yatafika mgombani kwake. Vivyo hivyo, mwalimu aweke mpaka na muda, kisha awaachie watoto hukumu ya ndani. Akipuliza filimbi kwa kila ugomvi, amewanyima zoezi la kupatana. Akitoweka kabisa, wenye misuli watatawala.

Kikwazo kikubwa kimo katika vipimo vyetu. Mtihani humpima mtoto mmoja mmoja, na kunong'onezana ni kosa. Ndivyo inavyostahili siku ya mtihani. Hatari ni kuyafanya maisha yote ya shule yafanane na siku ile. Mtoto aliyefunika daftari kwa mkono miaka saba, kesho tutamtaka awe mwanaushirika, diwani au muuguzi. Ataufunua mkono huo lini?

Jibu langu, basi, ni kwamba mchezo waweza kujenga utu, ila haujengi wenyewe. Wahitaji mwalimu mwenye jicho la kumwona anayebaki pembeni. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nami naongeza kwamba ashindaye akamwacha mwenziwe mavumbini hajashinda kitu. Walimu wetu, na vijana mtakaokuwa walimu kesho, kipeni kipindi cha michezo heshima ya somo, maana humo ndimo watoto wanapoanza kuwa taifa.