Kupima Sumu Si Kuibariki

Ndugu walimu, hapa Buyenzi, Bujumbura, jirani yangu, ambaye mwanawe hupenda ngoma za usiku, aliniuliza: je, ni haki kumpimia kijana dawa za kulevya anazokusudia kutumia? Uholanzi imefanya hivyo tangu 1992. Na Uingereza, mwaka 2016, vidonge vilipimwa katika tamasha la muziki, wenyewe wakaelezwa kilichomo na hatari zake.

Wapo wasemao kwamba huko ni kumshika mkosaji mkono. Hoja hiyo ina uzito, kwani msaada wa mkubwa huweza kudhaniwa ruhusa. Lakini tukumbuke Nairobi, Novemba 2000: zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe haramu iliyotiwa methanoli. Walijua wanakunywa pombe. Hawakujua wanakunywa sumu. Kosa lao lilistahili karipio, si kaburi.

Sisi walimu husahihisha daftari lenye makosa. Hatulichomi, wala kwa kulisahihisha hatuyasifu makosa yake. Mpimaji naye aseme kweli yote: hata kidonge kisichochanganywa na kitu kingine si salama. Aliye hai huonyeka, maiti hafundishiki.