Lengo la mazoezi lisilovunjwa na foleni ya Malaba

Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, haina saa ya kutoka kazini. Mpaka uko wazi usiku na mchana, na wakala wa forodha anayesubiri lori livuke anajua tu kwamba litavuka. Ni saa ngapi, hajui. Mfumo wa kompyuta ukikwama, anakesha. Dereva naye huondoka Mombasa na mipango yake, akifika kwenye foleni inageuka yote. Waliokuwepo mwaka 2020, wakati wa vipimo vya korona, wanakumbuka malori yaliyojipanga makumi ya kilomita na madereva wakilala ndani ya magari siku baada ya siku.

Watu wa mji huu ndio wanaoambiwa wajiwekee malengo ya mazoezi kama ya watu wengine wote: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na moja jioni, kilo kumi zitoke kwa miezi mitatu. Wakishindwa wanaitwa wavivu. Neno hilo linaniudhi. Wengi ninaowaona wakiacha jimu za Busia na Malaba kabla mwezi haujaisha wanafanya kazi kuliko sisi wenye kuwasema. Wamebebeshwa tu lengo la mtu ambaye ofisi yake hufungwa saa kumi na moja.

Jirani yangu mmoja ni wakala. Presha ilimpeleka kwa daktari, akashauriwa afanye mazoezi, akalipia jimu mwezi mzima na kuweka shabaha ya kupunguza kilo kumi na tano. Kila asubuhi alikuwa anapanda mzani. Wiki ya pili akaniambia, "Ndugu yangu, nimejinyima chapati wiki nzima na mzani uko pale pale. Hii pesa inaenda bure." Nilimhurumia, kwa sababu alikuwa anajipima kwa kitu asichokiamua. Uzito hupanda na kushuka kwa maji, kwa chumvi, kwa kilicho tumboni asubuhi hiyo. Anachoweza kukiamua leo ni kama atatembea au hatatembea.

Mwaka 2002 watafiti watatu nchini Uingereza, Sarah Milne, Sheina Orbell na Paschal Sheeran, walichapisha utafiti uliohusu wanafunzi 248 wa chuo kikuu. Kundi moja liliachwa lijiendee. La pili lilisomeshwa habari za ugonjwa wa moyo na faida za mazoezi ili lipate hamasa. La tatu lilipewa habari hizo hizo, kisha kila mmoja akaandika siku, saa na mahali atakapofanyia zoezi la dakika 20 wiki ijayo. Katika kundi la kwanza waliofanya walikuwa asilimia 38. Waliohamasishwa tu, asilimia 35. Walioandika lini na wapi, asilimia 91. Hamasa peke yake haikuongeza kitu, na sisi tunaendelea kuhubiriana hamasa kila Januari.

Ila wale walikuwa wanafunzi wenye ratiba. Mpakani, nionavyo mimi, hiyo "lini" haifai kufungwa kwenye saa. Ifungwe kwenye jambo ambalo litatokea tu, foleni iwepo isiwepo.

Dereva mmoja wa masafa marefu alinionyesha kamba yake ya kuruka. Ni kipande cha kamba ya kufungia turubai, ncha zote mbili zimepigwa fundo na kuviringishwa tyubu kuukuu ili zisichubue viganja. Inaning'inia nyuma ya kiti chake. Akizima injini kwa ajili ya usiku, awe Malaba, Kanduyi au Salgaa, anashuka na kuruka kando ya tairi kabla hajawasha jiko. Akisharuka anapiga alama ya kalamu kwenye kadibodi iliyopachikwa juu ya kioo. Kama amechoka sana anaruka kidogo, lakini anaruka, na alama inapigwa. Hana lengo jingine. Kadibodi ile ilikuwa imejaa pande zote mbili.

Shirika la Afya Duniani lingemuunga mkono. Mwongozo wake wa mwaka 2020 unawataka watu wazima wafikishe angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Zamani ilisemekana zoezi lisilofika dakika kumi mfululizo halihesabiwi. Sharti hilo liliondolewa. Dakika tano za kamba kando ya lori sasa zinaingia kwenye hesabu.

Wala kufunga mazoezi kwenye kazi si jambo geni huku. Waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha abiria Busia, kabla pikipiki hazijatwaa kazi hiyo, hawakuhitaji kujipangia mazoezi. Yalikuwa ndani ya riziki yenyewe. Pikipiki ilituletea mwendo, ikatuachia jukumu la kuyatafutia mazoezi mahali pengine katika siku.

Busia namfahamu mama anayeuza mahindi na maharagwe. Mgongo ulikuwa umemsumbua kwa muda mrefu. Alipoingia jimu alimwambia mkufunzi kwamba anataka kuinua nusu gunia, kilo 45, kutoka sakafuni bila kumwita kijana. Alianza na chuma kitupu, akifundishwa kukunja magoti na kunyoosha mgongo, na uzito uliongezwa kidogo kidogo kila ule wa awali ulipokuwa mwepesi. Sokoni anaufanyia mtihani mwili wake kila siku, kwa hiyo hahitaji mtu wa kumkumbusha kwa nini anakwenda.

Jirani yangu wakala amebadilisha lengo. Hati za lori lake la kwanza la siku zikishapita, anatembea haraka nusu saa kabla ya chai, na presha anaipima zahanati badala ya kuulizana na mzani.

Ombi langu ni kwa wenye jimu: punguzeni kuuza mwezi mzima kwa watu wasioumiliki mwezi wao. Uzeni kadi ya kuingia mara kumi isiyoisha muda. Dereva anayepita Malaba mara tatu kwa mwezi ataitumia yote, na wakala aliyekesha mpakani hatakuwa amepoteza siku aliyokwisha kuilipia.