Muhitaji na Mtumwa: Mipaka ya Ukarimu katika Utendi wa Mwana Kupona

Uhakiki wa Utendi wa Mwana Kupona umeelemea sana suala la utiifu wa mke kwa mumewe. Mkondo huo una historia ndefu, kwani hata toleo la Alice Werner na William Hichens la 1934 lilibeba jina linalosisitiza wajibu wa mke. Hata hivyo, utendi huu unaibua suala jingine la kimaadili lisilo dogo: je, ukarimu unaotegemea cheo cha mtoaji waweza kuwa wema kamili?

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu katika kisiwa cha Pate. Utendi wenyewe unataja mwaka wa kutungwa kwake, nao ni 1275 wa Hijria, yaani 1858. Akiwa mgonjwa, mtunzi anamwachia bintiye, Mwana Hashima, wasia anaoufananisha na hirizi na kidani. Miongoni mwa maagizo yake, mawili yanahusu watu wa chini. Muhitaji akija, binti asimsumbue, bali afanye hima kumtendea kwa kadiri ya uwezo wake. Ama watumwa, asichanganyike nao ila wakati wa kazi, wasije wakamtia aibuni.

Kwa mantiki ya utendi, maagizo haya hayapingani. Muhitaji hutoka nje, hupokea, kisha huenda zake. Heshima ya mtoaji haipungui, na pengine huzidi. Mtumwa habishi hodi, kwa kuwa yumo ndani. Dhiki yake haihesabiwi kuwa dhiki, maana ndiyo inayoiendesha nyumba ambamo sadaka hutoka. Lugha yenyewe inashuhudia jambo hili. Neno muungwana lina maana ya mtu asiye mtumwa, na pia mtu mwenye adabu na utu. Hivyo wema ulipewa jina la tabaka, na ikawa vigumu kumfikiria mwema pasipo kumfikiria mtumwa aliye chini yake.

Wapo watakaosema kwamba mtunzi ahukumiwe kwa vipimo vya zama zake, kwani utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, miongo kadhaa baada ya utendi kutungwa. Hoja hii ina uzito, lakini haitoshi. Kipimo hakihitaji kuletwa kutoka nje. Sura ya Tawba, katika aya ya 60, inataja ukombozi wa watumwa miongoni mwa matumizi ya zaka. Nayo Sura ya Balad inaufananisha ukombozi huo na kupanda njia ya mlimani. Dini aliyomrithisha bintiye ilikwisha kumweka mtumwa ndani ya mipaka ya sadaka. Wasia ndio uliomwacha nje.

Je, basi, ukarimu huo ni unafiki? La hasha. Aliyelishwa alishiba kweli, na agizo la kutomdhalilisha muhitaji lina thamani hadi leo. Isitoshe, Mwana Kupona alitoa sadaka iliyo kubwa kuliko chakula: aliwahimiza wanawake wausome utendi wake na kuyazingatia maana yake. Sadaka hii ya elimu haikuweza kuzuiliwa mlangoni kama ile ya mali. Utendi husomwa kwa sauti, na sauti hufika hata kwa masikio ambayo mtunzi hakuyakusudia. Ubeti unaoagiza watumwa watengwe ulikuwa na uwezo wa kusikiwa na mtumwa mwenyewe.

Kwa hiyo, anayemsifu Mwana Kupona kwa huruma ana ushahidi, na anayemlaumu kwa utabaka anao pia. Kosa ni kuusoma ubeti mmoja na kuuruka mwingine. Beti hizo mbili zikisomwa pamoja, zinafundisha kwamba mtoaji hana budi kujiuliza, kabla ya kumhesabu aliyempa, ni nani nyumbani mwake ambaye hajawahi kumhesabu kuwa muhitaji.